Kuflashi Simu kwa Maelekezo ya Mtandaoni: Yanayopaswa Kujulikana Kabla ya Hatua ya Kwanza

Swali linaloletwa na wasomaji mara kwa mara, kila mmoja kwa namna yake, ni kama mtu asiye fundi anaweza kuichukua simu ya Android iliyoanza kuzeeka, akaiunganisha na kompyuta na kuibadilishia mfumo kwa kufuata maelekezo aliyoyapata mtandaoni. Inawezekana, na wengi wamefanya hivyo wakafanikiwa. Hata hivyo, kinachoharibu simu kwa kawaida ni maelekezo mazuri ya simu moja kufuatwa juu ya simu nyingine, au juu ya simu ya aina ileile iliyo na toleo tofauti la mfumo, na kosa hilo hutokea kabla amri ya kwanza haijaandikwa. Ndiyo maana sehemu kubwa ya ushauri unaofuata inahusu maandalizi, ingawa wasomaji wengi huuliza zaidi kuhusu amri zenyewe.

Kazi tatu zinazochanganywa

Neno kuflashi, kama linavyotumika mitaani, hubeba kazi tatu ambazo hatari zake hazilingani, na msomaji anapaswa kujua ni ipi anayoikusudia.

- Kurudishia mfumo wa kiwandani. Mfumo uleule wa mtengenezaji huandikwa upya kwenye simu iliyogoma kuwaka au inayoishia kwenye nembo. Hii ndiyo kazi ya kila siku ya mafundi wa simu.
- Kuruti. Mfumo unabaki uleule, lakini mwenye simu anapata mamlaka ya juu kabisa juu yake, yaani uwezo wa kugusa hata mafaili ambayo mtengenezaji ameyafungia. Programu inayotumika zaidi kwa kazi hii ni Magisk, iliyotoka mwaka 2016.
- Kuweka mfumo mbadala. Mfumo wa mtengenezaji unaondolewa na mahali pake unawekwa mwingine uliojengwa na watu wa kujitolea juu ya msimbo wa wazi wa Android. Unaojulikana zaidi ni LineageOS, uliozaliwa mwishoni mwa 2016 baada ya kampuni iliyokuwa nyuma ya CyanogenMod, mfumo mbadala uliotangulia, kufunga shughuli zake.

Maelekezo ya kazi moja hayafai kwa nyingine, hata kama yote mawili yanataja simu ileile.

Je, kuna haja kweli?

Simu iliyo nzito kwa sababu hifadhi yake imejaa picha na video haihitaji kuflashiwa. Kuifuta na kuirudisha katika hali ya mwanzo kupitia Mipangilio, baada ya kuweka nakala za vitu muhimu, mara nyingi hutosha. Simu yenye betri iliyochoka nayo haiponi kwa mfumo mpya. Haja ya kweli hujitokeza pale mtengenezaji anapoacha kuleta masasisho na programu za lazima zinapoanza kuikataa simu, kama ilivyotokea Januari 2025 WhatsApp ilipoacha kuhudumia simu zenye Android 4.4, ambazo baadhi bado zilikuwa zikiwaka na kupiga simu vizuri.

Wapo wanaosema kwamba mfumo mbadala unaifanya simu kukuu iwe salama kama mpya. Kauli hiyo ni kweli kwa nusu tu. Mfumo mbadala huleta marekebisho ya usalama ya Android yenyewe, lakini programu za ndani kabisa zinazoendesha chipu na modemu hutoka kwa mtengenezaji, na yeye akishaacha kuzirekebisha hakuna mtu wa kujitolea anayeweza kuzitengeneza kwa niaba yake.

Suala la fedha linastahili kutazamwa kwa makini zaidi kuliko mengine yote. Google huzipatia programu njia ya kuuliza kama simu inaendeshwa na mfumo ulioidhinishwa, na benki nyingi huitumia njia hiyo, kiasi kwamba programu ya benki iliyokuwa ikifunguka vizuri jana inaweza kukataa kabisa baada ya simu kurutiwa au kuwekewa mfumo mbadala. Mbinu za kuudanganya ukaguzi huo zipo, lakini huvunjika kila Google inapoubadilisha, na si busara mtu kuijenga biashara yake juu ya mbinu hizo. Huduma zinazotumia menyu za namba, kama *150*00# ya M-Pesa nchini Tanzania au *334# nchini Kenya, huendelea kufanya kazi kwa kuwa zinategemea laini na mtandao wa simu. Mtu mwenye simu moja tu, ambayo ndiyo duka lake, benki yake na ofisi yake, anashauriwa aiache kama ilivyo na ajifunzie kwenye simu ya zamani iliyolala kabatini.

Jina la kibiashara halitoshi

Hapa ndipo makosa mengi yanapoanzia. Jina lililoandikwa kwenye boksi ni la kuuzia, na chini ya jina moja mtengenezaji anaweza kuweka simu mbili zenye chipu tofauti kabisa. Samsung Galaxy A12 ni mfano mzuri: yenye namba ya modeli SM-A125F ina chipu ya MediaTek, ilhali SM-A127F, inayouzwa kwa jina hilohilo, ina chipu ya Exynos ya Samsung wenyewe. Mfumo wa moja hauwezi kuendesha nyingine. Vivyo hivyo Redmi Note 8 na Redmi Note 8 Pro hutofautiana kwa herufi chache tu katika jina, lakini ya kwanza ina chipu ya Qualcomm na ya pili ya MediaTek, na kati ya watengenezaji wa mifumo kila moja ina jina lake la siri: ya kwanza ni ginkgo, ya pili ni begonia.

Kabla ya kupakua faili lolote, msomaji aandike kwenye karatasi mambo haya kama yanavyoonekana ndani ya simu yenyewe, kwenye ukurasa wa Kuhusu simu, na si kama yalivyo kwenye boksi au kwenye kumbukumbu ya muuzaji:

- namba kamili ya modeli, pamoja na herufi ya mwisho;
- toleo la Android na namba kamili ya muundo wa mfumo;
- aina ya chipu;
- eneo ambalo simu ilikusudiwa, kwa kuwa simu ya soko la China au la Marekani huweza kutofautiana na ya soko la Afrika au Ulaya;
- namba tambulishi, yaani IMEI, inayopatikana kwa kubonyeza *#06#; simu ya laini mbili huwa na mbili.

Kila neno kwenye karatasi hiyo lilinganishwe na maelekezo. Likitofautiana hata moja, maelekezo hayo si ya simu hiyo. Anayejibu kwamba tofauti ni ndogo afikirie tena: herufi moja ya mwisho ndiyo inayotenganisha simu inayoweza kufunguliwa na isiyofunguka kabisa, kama ilivyo kwa Samsung nyingi zilizouzwa Marekani.

Kuyasoma maelekezo kama mkaguzi

Maelekezo yasomwe yote hadi mwisho bila kugusa simu, kisha yasomwe tena. Mara nyingi onyo linalohusu hatua ya tatu limeandikwa chini ya hatua ya tisa. Katika usomaji huo msomaji atafute tarehe ya maelekezo na toleo la Android lililokusudiwa, ajiulize kila faili linatoka wapi, na ahakikishe kwamba anaelewa kila hatua inafanya nini, si tu kibonyezo kipi kibonyezwe. Hatua isiyoeleweka itafutiwe maelezo kwanza.

Kuna dalili ambazo zikionekana inafaa kuachana na maelekezo hayo mara moja:

- programu inayodai kuruti simu ya aina yoyote kwa kubonyeza mara moja;
- faili lililofungwa kwa nywila ambayo hutolewa baada ya kulipia au kujaza fomu;
- agizo la kuzima kinga ya virusi ya kompyuta bila kueleza sababu;
- faili la mfumo lisilotaja namba ya modeli wala toleo;
- video inayoruka hatua na kurudi simu ikiwa imeshawaka.

Mifumo mbadala inayoheshimika huwa na orodha rasmi ya simu inazozihudumia, na kila simu ina ukurasa wake wa maelekezo. Simu isiyo kwenye orodha hiyo, na hapa zimo nyingi za Tecno, Infinix na itel ambazo ndizo zimejaa mikononi mwa watu Afrika Mashariki, hubaki kutegemea kazi isiyo rasmi ya mtu mmoja mmoja, ambayo huenda ni nzuri au huenda kamera na modemu hazifanyi kazi. Kukosekana kwa simu kwenye orodha rasmi ni sababu ya kutosha ya kuahirisha.

Njia ya kurudi itengenezwe kwanza

Mtu asianze safari hii kabla ya kuwa na uwezo wa kuirudisha simu mahali ilipokuwa. Uwezo huo una sehemu nne.

1. Nakala rudufu za taarifa. Kufungua simu kwa ajili ya kazi hii hufuta kila kitu kilichomo, na hakuna njia ya kukwepa. Picha zihamishiwe kwenye kompyuta, majina yahifadhiwe kwenye akaunti au faili, na nakala ya WhatsApp ihakikiwe tarehe yake, kwa kuwa itarudishwa tu kwa namba ileile na akaunti ileile iliyotumika kuiweka. Programu zinazotoa namba za kuthibitisha akaunti zihamishiwe kwenye simu nyingine kabla, la sivyo mwenyewe atajifungia nje ya akaunti zake.
2. Mfumo wa kiwandani. Mafaili ya mfumo asilia wa modeli hiyohiyo yapakuliwe na kuhifadhiwa kwenye kompyuta kabla ya kazi kuanza. Kuyatafuta simu ikiwa imeshakufa, huku mtandao ukisuasua, ndiko kunakowafanya watu wachukue faili lolote wanaloliona.
3. Akaunti ya Google. Tangu Android 5.1 ya mwaka 2015, simu iliyofutwa kwa njia isiyo ya kawaida hudai akaunti iliyokuwemo. Jina la akaunti na nywila vithibitishwe kwamba vinakumbukwa, au akaunti iondolewe kabla.
4. Namba tambulishi na taarifa za modemu. Pale ambapo zana inaruhusu, sehemu ya hifadhi inayobeba taarifa hizi inakiliwe. Ikipotea, simu huwaka vizuri lakini haishiki mtandao.

Kufungua butiloda

Butiloda ni programu ndogo inayoamka kabla ya Android na kuamua mfumo upi uruhusiwe kuwaka. Ikiwa imefungwa, hukubali mfumo wenye saini ya mtengenezaji pekee. Karibu kila kazi ya kuruti au kuweka mfumo mbadala huanza kwa kuifungua, na kila mtengenezaji ana masharti yake.

Simu za Google Pixel zisizofungwa na kampuni za simu ndizo nyepesi zaidi: mwenye simu hubonyeza namba ya muundo mara saba ili kuonyesha chaguo za wasanidi programu, huwasha ruhusa ya kufungua, kisha hutoa amri fastboot flashing unlock kutoka kwenye kompyuta. Xiaomi hudai akaunti yake, zana yake na muda wa kusubiri, ambao kwa muda mrefu mara nyingi ulikuwa saa 168, na masharti yalikazwa zaidi ulipoingia mfumo wake wa HyperOS. Huawei iliacha kutoa namba za kufungulia mwaka 2018. Hadi mwaka 2025 Samsung iliruhusu modeli nyingi za soko la kimataifa, lakini ndani yake kuna alama ya Knox, mfumo wake wa usalama, ambayo ikishabadilika hairudi tena, hata mfumo wa kiwandani ukirejeshwa, na huduma kama Folda Salama hufa moja kwa moja kwenye simu hiyo. Anayetaka kuuza simu yake baadaye kwa bei nzuri alifikirie hili.

Baada ya kufunguliwa, simu huonyesha onyo kila inapowaka kwamba mfumo wake hauaminiki. Onyo hilo ni la kawaida na si dalili ya ubovu.

Siku ya kazi

1. Simu ichajiwe vya kutosha, zaidi ya nusu, na itumike kompyuta mpakato yenye betri nzima, kwa sababu umeme ukikatika katikati ya kuandika sehemu nyeti simu huweza isiwake tena.
2. Utumike waya wa kupitishia data, uchomekwe moja kwa moja kwenye kompyuta. Nyaya nyingi za bei rahisi ni za kuchajia tu.
3. Zana za adb na fastboot, zinazotuma amri kutoka kwenye kompyuta kwenda kwenye simu, zipakuliwe kutoka kwa Google wenyewe.
4. Kila faili lihakikiwe kwa alama ya SHA-256, ambayo ni mfuatano wa herufi na tarakimu unaobadilika hata faili likipungua kidogo. Kwenye Windows hutolewa kwa amri certutil -hashfile ikifuatiwa na jina la faili na neno SHA256. Kwenye Linux kwa sha256sum. Vifurushi vinapokatika katikati ya kupakua, faili huonekana zima ilhali ni pungufu.
5. Simu moja tu iunganishwe. Amri fastboot devices inapaswa kujibu mstari mmoja.
6. Amri ziandikwe kwa mkono pale zinapokuwa fupi, kwa kuwa kurasa nyingi hugeuza vistari viwili kuwa kimoja kirefu na amri hukataliwa au hubadilika maana.
7. Jibu la kila amri lisomwe kabla ya kutoa nyingine. Likitokea neno FAILED, kazi isimame hapo. Kuendelea na hatua inayofuata kwa matumaini kwamba itarekebisha iliyoshindikana ni kosa kubwa.
8. Kwa mfumo mbadala, hifadhi ya taarifa ifutwe pale maelekezo yanapoagiza, na programu za Google, ambazo LineageOS haiji nazo, ziwekwe kabla simu haijawaka mara ya kwanza, katika toleo linalolingana na Android hiyo na aina ya chipu. Zikiwekwa baadaye, simu hujaa ujumbe wa programu kujifunga.
9. Kuwaka kwa mara ya kwanza huweza kuchukua dakika 10 au 15. Simu iachwe. Wengi huizima hapo wakidhani imeganda.

Anayeruti kwa Magisk azingatie kwamba faili la boot analolirekebisha linapaswa kutoka kwenye muundo uleule uliomo ndani ya simu, si unaokaribiana nao, na kwamba kwa simu zilizotoka kiwandani zikiwa na Android 13 au toleo la baadaye kwa kawaida faili linalohusika ni init_boot.

Makosa matatu yasiyosameheka

La kwanza linahusu simu za MediaTek, zilizo nyingi katika masoko yetu. Zana yake, SP Flash Tool, ina chaguo linaloandikwa "Format All + Download", ambalo hufuta kila kitu, zikiwemo taarifa za modemu na namba tambulishi. Kwa kazi nyingi chaguo sahihi ni "Download Only". Video zisizohesabika huelekeza chaguo la kwanza kwa sababu anayeelekeza hakuwahi kuangalia kama simu yake ilishika mtandao baadaye.

La pili ni kurudi kwenye toleo la zamani bila kukagua kinga ya kurudi nyuma. Pixel 6 iliyopokea Android 13 mwezi Agosti 2022 haikuweza tena kurudishwa Android 12, na Google ilitangaza hivyo. Kwa Samsung, herufi ya tano kutoka mwisho wa namba ya muundo huonyesha kiwango cha butiloda. Mfumo wenye kiwango cha chini kuliko kilichomo kwenye simu hukataliwa. Kwenye baadhi ya Xiaomi kosa hilo huiua simu kabisa.

La tatu ni kuifunga tena butiloda wakati mfumo uliomo si wa mtengenezaji. Watu hufanya hivyo wakitaka onyo la kuwaka liondoke au programu ya benki ikubali. Butiloda ikifungwa hukataa kuwasha mfumo usio na saini inayoitambua, na mara nyingi haifunguki tena. Ifungwe tu baada ya mfumo kamili wa kiwandani kurudishwa na kuthibitishwa kwamba unawaka, au pale ambapo mfumo mbadala wenyewe umeandaliwa kwa kufungwa na maelekezo yake rasmi yanasema hivyo.

Simu ikigoma

Simu inayoishia kwenye nembo na kurudia haijafa. Kama bado inaweza kuingia kwenye hali ya fastboot, kwenye hali ya kupakulia ya Samsung, au kwenye rikavari, ambayo ni sehemu ndogo ya matengenezo inayojitegemea, basi mfumo wa kiwandani uliohifadhiwa mapema unaweza kurudishwa. Kinachoimalizia simu kama hiyo ni hofu: mtu hujaribu faili la tatu, la nne na la tano kutoka vyanzo tofauti mpaka hakuna anayejua ndani kuna nini. Badala ya hivyo, mwenye simu aandike alichofanya, kwa mpangilio, na neno lililoonekana kwenye kioo.

Simu isiyoonyesha chochote iachwe kwanza kwenye chaja. Ikibaki kimya, lakini kompyuta ikitoa mlio wa kutambua kifaa, chipu bado inajibu na fundi mwenye zana za chipu hiyo anaweza kuifikia. Si aibu kumpelekea fundi. Mwenye simu amwonyeshe ile karatasi yenye namba ya modeli na orodha ya alichofanya, na aulize kabla kazi haijaanza kama namba tambulishi itabaki.

Namba tambulishi na sheria

Kuna maelekezo yanayofundisha kubadilisha IMEI kana kwamba ni mapambo. Nchini Tanzania, Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010 inalifanya jambo hilo kuwa kosa la jinai, na Juni 2016 mamlaka ya mawasiliano ilizizima simu bandia zilizotambuliwa kwa namba hizo. Simu iliyopoteza namba yake kwa bahati mbaya irudishiwe namba yake yenyewe, iliyoandikwa kwenye boksi, na fundi anayejitolea kuweka nyingine yoyote akataliwe, kwani namba hiyo huenda ni ya simu iliyoibwa.

Baada ya kuwaka

Simu ijaribiwe kabla ya kurejeshewa taarifa zote: kupiga na kupokea kwa laini zote mbili, ujumbe mfupi, menyu za fedha, kamera zote, alama ya kidole, ramani, na *#06# ilinganishwe na karatasi. Kama kuna kasoro, ni rahisi kufuta na kuanza upya wakati simu bado tupu.

Simu iliyorutiwa isikubali sasisho la mtengenezaji bila kusoma kwanza utaratibu wake, kwa sababu sasisho hushindikana au huondoa ruti. Mafaili ya kiwandani yasifutwe kwenye kompyuta kwa muda wote simu hiyo inapotumika, na siku ikiuzwa, akaunti iondolewe, mnunuzi aelezwe wazi kilichobadilishwa, na apewe mafaili hayo pamoja na simu.